Mwalimu Kokugonza Anasubiri Jibu

Niko katika umri wa kukumbuka. Nimemaliza kidato cha sita, nimeota ndevu ambazo mtu mwenye macho mazuri anaweza kuziona, na nikikaa barazani kwetu Nshambya huvuta pumzi na kusema "enzi zetu", mpaka mama ananirushia ganda la ndizi. Lakini enzi zetu zilikuwepo. Zilianza niliporudi kutoka bweni baada ya mtihani wa kidato cha nne, zikaisha nilipofunga sanduku kwenda kidato cha tano, na katikati hapo nilikuwa mfanyakazi wa kujitolea wa Runinga ya Jamii Rweru.

Kusema kweli, aliyejitolea ni baba. Alinitoa mimi. Shule niliyosoma, ya bweni na ya kumcha Mungu, ilikuwa imemweleza kwamba mwanawe alisimama nyuma ya ukuta wa bwalo, akaiga sauti ya makamu mkuu wa shule, na kutangaza kwamba Baba Askofu anakuja kula chakula cha mchana. Jiko likapika wali na nyama. Askofu hakuja, kwa kuwa hakuwa na habari, lakini wali ulikuwa umeshaiva, na wali ulioiva huliwa. Baba akaona kwamba kipaji cha namna hiyo kikikaa nyumbani mpaka Julai kitatubomolea nyumba.

"Audax," akaniambia, "Rwamishenye kuna watu wanatengeneza vipindi vya runinga bila malipo. Kesho unaanza kazi."

"Bila malipo, baba?"

"Bila malipo. Ningeweza, ningewalipa wao."

Runinga ya Jamii Rweru ilikuwa ghorofani, juu ya duka la saruji. Studio ilikuwa stoo ya zamani ya duka hilohilo, kwa hiyo mtangazaji aliyeingia na nywele nyeusi alitoka na mvi. Matangazo yalisafiri kwa waya kutoka nyumba hadi nyumba ndani ya manispaa, na waya ulipokatwa na mtu anayekata majani ya migomba, mtaa mzima ulikosa habari mpaka Abel apande ngazi.

Abel ndiye aliyekuwa mpiga picha wetu. Riziki yake ilikuwa harusi, na mkono wake haukujua kazi nyingine. Kipindi cha kilimo alikipiga kama bibi harusi anayeshuka kwenye gari: anaanza na shina la mbuni, anapanda taratibu, taratibu, mpaka kwenye majani, na mkulima anabaki nje ya picha akieleza dawa ya wadudu. Mkuu wetu wa vipindi alikuwa dada Annastella, mwenye stashahada ya uandishi wa habari na cherehani. Asubuhi alituongoza, mchana alishona sare za shule, na amri zake zote alizitoa akiwa na pini mdomoni. Mimi nilipewa cheo cha Mshika Kebo. Nilikipokea kwa unyenyekevu.

Tulifanya makosa ambayo leo nayakumbuka kwa wivu. Kipindi cha mapishi, kwa mfano, kilitakiwa kuishia kwenye sahani ya ndizi na maharage iliyopambwa. Lakini ndizi huchukua muda kuiva, sisi tulikuwa hatujala, na Abel alikuwa na desturi ya kubadilisha betri wakati mbaya. Kila wiki kipindi kiliishia kwenye sahani tupu. Watazamaji wakadhani ndio mtindo, wakausifu.

Kipindi kikubwa, hata hivyo, kilikuwa Salamu za Asubuhi cha Mwalimu Kokugonza.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, mjane, jirani yetu kule Nshambya. Alipanda ngazi zetu akiwa na kitenge kilichopigwa pasi na mkoba mweusi, akaketi mbele ya pazia, akaitazama kamera, na kusema, "Hamjambo, watu wa Rwamishenye? Mmeamkaje?"

Kisha akanyamaza.

Siku yangu ya kwanza nilidhani amesahau maneno. Nikamnong'oneza, "Mwalimu, endelea."

Akaniinulia kidole bila kuondoa macho kwenye kamera. "Nyamaza wewe. Watu wanajibu."

Na kweli alisubiri kwa muda ule ambao mtu huhitaji kuweka chini kikombe, kumeza, na kujibu. Akatikisa kichwa. "Eee. Aaa, nafurahi kusikia hivyo. Na watoto, wameamka?" Kimya. "Eee. Na migomba ile iliyolazwa na upepo, mmeshaiwekea miti?" Kimya kingine, kirefu zaidi, maana habari ya migomba haijibiwi kwa neno moja. Halafu akahamia Nshambya, akahamia Muleba ambako waya wetu haukufika hata kidogo, na mwishowe akawasalimu wavuvi wa Goziba, kisiwa ambacho hakuna aliyewahi kukikanyaga kati yetu. Nusu saa nzima ilipita hivyo, na ndani yake, ukijumlisha, maneno hayakujaza kiganja.

Nilimuuliza siku moja tukishuka ngazi, nimembebea mkoba wake. "Mwalimu, unajuaje kama wamejibu?"

"Wewe ukisalimiwa na mtu mzima hujibu?"

"Najibu."

"Basi." Alishuka ngazi mbili, akasimama. "Audax, wanangu wako Mwanza na Dar es Salaam. Mimi nikiamka nasalimia kuku. Kuku anakutazama kwa jicho moja, anaenda zake. Hapa nikisema hamjambo, najua kuna mlango fulani mtu amesema hatujambo. Siku nikikosa kipindi hiki, narudi kwa kuku."

Ningekuwa kijana mwema, ningelishika neno hilo nikatulia. Mimi nililishika, kisha asubuhi iliyofuata nikajificha nyuma ya pazia na kumjibu. Alipouliza Rwamishenye wameamkaje, nikaitika kwa sauti ya kizee chenye mafua, "Tumeamka waitu, ila kifua!" Nusura Annastella ameze pini. Mwalimu hakutikisika hata ukope.

"Pole, mzee," akaiambia kamera. "Chemsha majani, ujifukize. Na umwambie huyo mjukuu wako Audax atoke nyuma ya pazia, vumbi la saruji litamharibu."

Ilirushwa vilevile. Nilisalimiwa sokoni kwa jina la Mzee Kifua mpaka Pasaka.

Mambo yalikuwa hivyo hadi alipokuja Bwana Kamala. Alikuwa mtu wa hapahapa kwetu aliyekulia mbali, mwenye viatu visivyopenda ngazi zetu, na alitumwa na kampuni moja ya ving'amuzi. Kampuni ilitaka kuingiza Runinga ya Rweru kwenye king'amuzi, ionekane mkoa mzima na kuvuka. Atatazama vipindi vyetu, vinavyofaa vitaingia, na visivyofaa vitaachwa, maana baada ya hapo waya wa mitaani utaondolewa. Annastella alitoa pini zote mdomoni ili atabasamu vizuri.

Bwana Kamala alikipenda kilimo. Alizipenda sahani tupu. Alipotazama Salamu za Asubuhi, aliinuka akagonga runinga ubavuni.

"Imekwama?"

"Haijakwama," akasema Annastella. "Anasubiri wajibu."

"Nani?"

"Watazamaji."

Bwana Kamala aliketi, akatutazama mmoja mmoja kama daktari anayetafuta aliye mzima. "Dada yangu, mtu akiona kimya kama hiki kwenye king'amuzi ataita fundi. Kipindi ni kizuri, mama mwenyewe ana sura ya runinga, lakini hiki kimya kiondoke. Nikirudi mwezi ujao nikikikuta, kipindi nitakiacha."

Mwalimu Kokugonza aliyasikia yote kutoka kwenye kiti chake mbele ya pazia. Alifungua mkoba, akaufunga.

"Nitajifunza," akasema.

Kazi ya kumfundisha nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko wote. Mbinu yangu ilikuwa ya kitaalamu: akimaliza swali tu, napiga makofi, naye anaendelea. Tulianza.

"Hamjambo, watu wa Nshambya?" Pa! "Nafurahi kusikia hivyo na watoto?" Pa! "Nafurahi na migomba?" Pa! "Nafurahi..." Akasimama. Akashika kifua. Akaigeukia kamera, macho yamejaa aibu.

"Jamani, watu wa Nshambya, nisameheni. Nimewapita kama ninadaiwa."

Na akanyamaza, akisubiri wamsamehe.

Tulijaribu tena na tena, siku nyingi. Abel alijaribu kukata kimya kwa mkasi wa kompyuta, lakini Mwalimu alitokea anarukaruka kichwa kama kuku anayedonoa. Tukajaribu kuweka muziki; Mwalimu akasema anasikia ngoma, hasikii watu. Jioni moja nilimkuta nyumbani kwake chini ya migomba, anafanya mazoezi mwenyewe, anawasalimu kuku harakaharaka na kujipiga makofi. Nilitaka kucheka. Nilirudi nyumbani bila kucheka, na mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Wokovu uliletwa na Oliva, mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa akipita dukani kununua saruji ya nyumba yake. Alikuwa anasafiri Goziba kila wiki kufuata mzigo, na kumbe kwa muda mrefu alikuwa anambembeleza Abel amjazie vipindi vyetu kwenye memori kadi, anavipeleka kisiwani, vinaonyeshwa kwenye kibanda umiza kabla ya mpira.

"Na Salamu za Asubuhi wanazitazama?" Annastella akauliza.

"Wanazitazama?" Oliva alicheka akashika kiuno. "Dada, wanaitika! Kibanda kizima. Wasukuma, Wakerewe, Wajita, watu ambao Kihaya hawakijui, wote wanaitikia ndiyo kwa 'Ego waitu!' kama wako kanisani. Ukizima kabla hawajamalizana na yule mama, wanakurushia ndala."

Annastella alinitazama. Nilijua anachofikiria, maana alikuwa anakumbuka Mzee Kifua. "Tukawapige picha wakijibu," akasema polepole. "Tuweke majibu yao ndani ya kile kimya. Kimya kinakwisha, na mama habadilishi hata neno."

Tulikwenda, yeye, Abel na mimi, kwa boti ya mzigo iliyoondoka alfajiri kutoka mwalo mmoja wa Muleba. Sitaeleza safari. Inatosha kusema kwamba Mshika Kebo alishika ukingo wa boti kwa heshima zote, na kifungua kinywa chake hakikufika Goziba pamoja naye.

Kibanda umiza kilikuwa cha mabati, kimejaa wanaume wenye harufu ya dagaa na mafuta ya injini. Tukaweka kipindi. Mwalimu Kokugonza akatokea na pazia lake, na nakwambia, wanaume wale walivua kofia.

"Na ninyi wa Goziba, hamjambo?"

"Hatujambo, mama!" Bati likatetemeka.

"Na ziwa, limetulia?"

"Ego waitu!"

Abel akalia kwa furaha akizungusha kamera. Baada ya kelele za wote tuliwachukua mmoja mmoja, nje, karibu na jenereta lililokuwa linanguruma, maana ndiko kulikokuwa na mwanga mzuri. Wa mwisho alikuwa Mayenga, mvuvi mrefu, mpole, mwenye fulana isiyo na mikono. Yeye hakupiga kelele. Alisogea karibu na kamera, akasema maneno yake kwa sauti ya chini kama mtu aliyepata nafasi ya kuongea na mtu peke yake, akashukuru, akaondoka. Mimi ndiye niliyeshika maiki. Nilisikia jenereta tu.

Tuliporudi Rwamishenye tulikuta mwezi wa Bwana Kamala unayoyoma na kompyuta haina spika. Tulikuwa na kipokea sauti kimoja cha sikioni, tena cha kushoto, tukakigombea. Tukaacha kusikiliza, tukafuata midomo: Mwalimu anauliza, mvuvi anafungua mdomo, mvuvi anafunga mdomo, Mwalimu anatikisa kichwa. Picha zilikaa vizuri ajabu. Kwenye kimya kirefu cha mwisho tukamweka Mayenga, kwa kuwa maneno yake ndiyo yaliyokijaza hasa.

Siku ya Bwana Kamala tuliazima ukumbi wa parokia, projekta ya kurushia picha ukutani, na spika za harusi za Abel. Waliojitolea wote walikuja na jamaa zao. Baba alikuja pia, akaketi nyuma ili awahi kutoka ikibidi. Mwalimu Kokugonza tulimweka mstari wa mbele, kitenge kipya. Hatukuwa tumemwonyesha. Tulitaka kumfurahisha.

Na alifurahi. Goziba walipoitika kwa pamoja, aliruka kwenye kiti, akashika mdomo kwa mikono miwili.

"Wananijibu!" akaniambia. "Audax, kumbe wananijibu kweli! Yule mwenye kofia, ona, ana meno mazuri!" Akawajibu nao, mle ukumbini, kwa sauti, mbele ya Mwalimu yule wa kwenye ukuta. "Hamjambo wanangu! Eee!"

Bwana Kamala alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa anatabasamu.

Ndipo akatokea Mayenga. Spika za Abel zilikuwa zimezoea kushindana na matarumbeta. Jenereta lilikuwepo, lakini na Mayenga alikuwepo, kila neno.

"Habari ni nzuri, mama," akasema. "Ila mama yangu mzazi anaumwa huko kwetu Sengerema. Simu yangu ilizama ziwani. Niliyemtuma hajarudi. Sijui kama bado yupo."

Na Mwalimu Kokugonza wa ukutani, na mkoba wake, na pazia lake, akatikisa kichwa kwa upole na kusema:

"Eee. Aaa, nafurahi kusikia hivyo."

Ukumbi ulipasuka. Siwalaumu. Kicheko kilitoka kabla mtu hajafikiri, hata padri alikohoa akageukia dirisha. Bwana Kamala alicheka mpaka akavua miwani.

"Hii," akasema akijifuta, "hii sikuitegemea. Mama ana kipaji! Dada Annastella, nakichukua. Kila wiki mfanye hivihivi, na yule mrefu arudi."

Makofi yalianza nyuma. Annastella alikuwa amesimama, mikono mashavuni. Mwalimu Kokugonza hakuwa amecheka. Alikuwa bado anautazama ukuta, mahali alipokuwa Mayenga.

"Alisema lini?" akaniuliza.

"Wiki mbili hivi, mwalimu. Tulipokwenda."

"Na mimi nikamwambia nafurahi."

"Si wewe, mwalimu, ni... ulikuwa umeshasema kabla. Kwenye kipindi cha zamani. Tumeunga tu."

"Sura ni ya nani ile?"

Niliinama nikaanza kukunja kebo ambayo haikuhitaji kukunjwa.

Sasa niwaeleze wasiotoka kwetu jambo ambalo kwetu halielezwi. Jibu la kwanza la salamu ni zuri daima. Hata nyumba ikiwa inaungua, mtu atakwambia nzuri, halafu ataomba maji. Mwalimu Kokugonza alikuwa anasema "nafurahi kusikia hivyo" kwa lile jibu la kwanza, na kimya chake chote kilichofuata kilikuwa cha lile la pili. Sisi tulikuwa tumeyabana yote mawili mahali pamoja ili king'amuzi kisionekane kimeharibika.

Bwana Kamala alimjia akamshika mikono. "Mama, hongera. Jumamosi timu yangu inakuja kurekodi rasmi."

"Wakola waitu, asante mwanangu," akasema Mwalimu. "Jumamosi sitakuwepo."

"Basi Jumapili."

"Nakwenda Goziba."

"Kufanya nini?"

"Kumsalimu mtu."

Bwana Kamala alimgeukia Annastella apate mkalimani. "Mama, ratiba inafungwa Jumamosi. Ukikosa, kipindi hakiingii, na waya unaondolewa. Utakosa vyote viwili."

"Nimeelewa, baba."

"Si unaweza kumtumia salamu hata kwa huyu mama wa dagaa?"

"Nilizomtumia ndizo hizi," akasema Mwalimu Kokugonza, akaokota mkoba wake.

Annastella alimfuata mpaka mlangoni akimbembeleza, nami nikamfuata Annastella. Nilimkumbusha Mwalimu habari ya kuku, jambo ambalo lilikuwa la kikatili, lakini nililisema kwa nia njema. Alisimama. Niliona kabisa kwamba amewaona wale kuku, na asubuhi zote zijazo.

"Utanisindikiza au hunisindikizi?" akaniuliza.

Kwa hiyo kipindi hakikuingia kwenye king'amuzi. Ukifungua Rweru leo utaona rangi nzuri, pazia limekwenda, na kijana mmoja mwenye tai anasema "Habari za asubuhi Kagera" na kukimbilia hali ya hewa kabla hujaweka kikombe chini. Annastella analipwa, na anastahili. Sahani za mapishi siku hizi zimejaa, na mimi nikiziona nasikia njaa ya namna nyingine. Waya wa zamani bado unaning'inia kwenye migomba ya jirani yetu. Wanaanikia nguo za watoto.

Tuliondoka Jumamosi ileile, alfajiri, kwa boti ya Oliva. Abel alitaka kuja na kamera, Mwalimu akamkatalia, ndiyo maana hakuna picha hata moja ya haya, na ndiyo maana naandika. Alikuwa hajawahi kupanda boti. Alikaa katikati ya magunia ya maharage, mkoba magotini, macho mbele, na mimi safari hii nilikuwa sijala chochote, kwa hekima.

Kule boti haifiki nchi kavu. Vijana huingia majini na kuwabeba abiria mgongoni mpaka mchangani. Kijana mmoja akamgeuzia Mwalimu Kokugonza mgongo, naye akapanda kama anayepanda jukwaani, akiwa na viatu mkononi.

"Hujambo, mwanangu?" akamuuliza kisogoni.

"Sijambo, mama," yule kijana akahema, maji kiunoni.

"Wenu wa nyumbani hawajambo?"

Kijana akasimama katikati ya maji ili ajibu vizuri. Alikuwa ameitambua sauti. Akageuka kuwapigia wenzake kelele, na mama mgongoni akageuka naye. "Jamani! Ni mama wa salamu! Nimembeba!"

Walikuja mbio kutoka kila upande, wengine na nyavu mabegani. Ingekuwa kwangu, ningehutubia. Yeye alisalimu mmoja mmoja, akasubiri mmoja mmoja, na kila aliyemaliza kujibu alimuuliza, "Mayenga yuko wapi?"

Alikuwa mwisho wa mwalo, amekaa juu ya wavu anaushona. Hakuwa amekimbia kama wengine. Alipoona ni nani anakuja, alisimama, akajifuta mikono kwenye kaptura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Kokugonza wa Nshambya. Nimekuja kukusalimu."

"Karibu, mama."

Nyuma yetu nahodha alikuwa anapiga kelele kwamba mzigo umekwisha kupakiwa na upepo unabadilika, wa kurudi warudi sasa. Nilimpungia mkono asubiri. Akanipungia mkono wa kunieleza kwamba yeye hasubiri.

"Habari za hapa?" akauliza Mwalimu Kokugonza.

"Nzuri, mama."

Midomo yangu mwenyewe ilikuwa imeanza kusema lile neno linalofuata, kwa mazoea. Mwalimu hakulisema. Alibaki ameshika mkono wa Mayenga kwa mikono yake miwili, akimtazama usoni kama alivyozoea kuitazama kamera, na akasubiri. Injini ya boti ikakohoa, ikawaka. Mayenga aliangalia ziwa. Akaangalia wavu. Akasogeza mguu, kana kwamba anatafuta mahali pa kusimama.

"Ila, mama," akasema.

"Eee," akasema Mwalimu Kokugonza.

Akauvuta wavu pembeni kidogo, akaketi mchangani na kitenge chake kilichopigwa pasi, na Mayenga akaketi karibu naye. Boti ilirudi nyuma, ikageuka, ikaondoka na dagaa na Oliva na safari yetu ya kurudi. Ningeweza kuiita. Nilivua viatu, nikaenda kukaa mbali kidogo ili nisisikie, na nilipogeuka baadaye Mayenga alikuwa bado anaongea.